Mabango ya kumpinga mwekezaji: tumewapima wachapaji wa Arusha

Tawi la mashabiki likitaka bango la kumwambia mwenye klabu afungashe virago, maduka ya uchapaji ya katikati ya Arusha yatalipatia kazi safi. Fulana za kampuni za utalii na mikutano ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, zimewakomaza. Mashine zipo na mikono imezoea. Ila mchapaji atakuuliza ukubwa na rangi tu. Hakuulizi bango litapita geti gani wala nani atalikagua, na mabango mengi hufia hapohapo, mikononi mwa mlinzi ambaye pengine naye anadai mshahara.

Tuanze na flexi, turubai la plastiki la kuchapia mabango, maana ndiyo utakayosukumiwa kwanza. Bei hukokotolewa kwa mita ya mraba, na uchapaji ni wa haraka. Ile ya gramu 440 kwa mita ya mraba, kwa bango la mita 6 kwa 1.5, inafika karibu kilo 4 kabla hujafunga kamba. Rangi hutoka kali na mvua ya masika haiifanyi kitu. Ubaya wake ni kwamba ukiikunja hushika mikunjo na wino hupasuka, hivyo unakabidhiwa ikiwa imeviringishwa kwenye bomba. Bomba hilo liache nyumbani. Getini linaonekana rungu, na mlinzi akiliruhusu halafu likarushwa uwanjani, atakayeitwa kujieleza ni yeye. Omba ukingo ukunjwe mara mbili na uunganishwe kwa moto, ringi za chuma ziwekwe kila nusu mita. Wakiweka za pembeni nne tu, upepo wa dakika kumi unazing'oa.

Sisi tunapendelea marekani, kile kitambaa cha pamba cha bei ya kawaida kisichotiwa rangi. Fundi cherehani anaunga vipande, unatandika nailoni chini, unapaka rangi ya maji kwa matabaka mawili membamba na kuacha ikauke siku nzima. Rangi ya mafuta usiiguse: inanuka, inakakamaza kitambaa na inashika moto haraka. (Viwanja vingi vya Uingereza hudai cheti cha kukinza moto kwa mabango makubwa, na si ubabaishaji, jukwaa lililojaa watu halina pa kukimbilia.) Kitambaa kinaingia kwenye begi, mkaguzi anakifungua, anasoma, anakurudishia. Wachapaji wengi watakukatisha tamaa kwa sababu kazi hiyo haipiti kwenye mashine yao. Wavumilie.

Herufi ndizo wanazokosea zaidi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid una njia ya riadha kuzunguka kiwanja, kwa hiyo jukwaa kuu liko mbali na upande wa pili. Herufi ya sentimita 25 inasomeka vizuri kwenye mita 30 hivi. Kwa umbali ule nenda 50. Hapo mita 6 zinabeba herufi 14 au 15 kwa mstari, mistari miwili basi. Mbunifu wa kompyuta atataka kuongeza nembo, kivuli na picha ya simba au mamba. Mkatalie. Nyeusi juu ya nyeupe au njano inatosha, na nembo ya klabu ni mali ya klabu, usiwape sababu.

Sasa maneno yenyewe. Hapa mchapaji hakusaidii kabisa, na ndipo mfanyakazi wa klabu anapoponzwa. Sheffield Wednesday ya Uingereza ni mfano wa karibuni. Mwaka 2025, chini ya mwenye klabu Dejphon Chansiri, mishahara ya wachezaji na wafanyakazi ilichelewa zaidi ya mara moja, na mashabiki wakasusia tiketi na duka. Muuza duka akabanwa pande zote: mauzo yakishuka mwenye klabu anaumia, na fungu la mshahara linaumia naye. Klabu ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi tarehe 24 Oktoba 2025 na kukatwa pointi 12, mashabiki walewale walipanga foleni dukani. Old Trafford nako, uwanja wa Manchester United, tarehe 2 Mei 2021, waandamanaji waliingia hadi kiwanjani, mechi na Liverpool ikaahirishwa, na polisi wakaeleza kuwa wafanyakazi walilazimika kujifungia vyumbani. Waliojifungia walikuwa waajiriwa, si akina Glazer wenye klabu.

Kwa hiyo andika dai, usiandike tuhuma. "LIPA MISHAHARA" mlinzi anaweza kulipitisha bila kuhatarisha kibarua chake. "WEZI WAKUBWA" hawezi, na faini ikija itatoka kwenye kapu lilelile linalomlipa. Kwa klabu zetu za wanachama zenye mgawanyo wa 51 kwa 49 (asilimia 51 za wanachama, 49 za mwekezaji), taja unayemlenga: mwekezaji ni mwekezaji, uongozi ni uongozi. Msemaji wa klabu muache, anasoma alichopewa. Wala usimwombe mtunza vifaa akufungie bango usiku. Akifukuzwa, tawi halitamlipia kodi ya nyumba. Mshahara wake anaweza kuudai CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya masuala ya kazi, ambako madai ya kawaida hufunguliwa ndani ya siku 60 na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30.

Picha ya bango mpelekee ofisa usalama wa mchezo kabla ya kikao cha maandalizi, siku moja kabla ya mechi. Likikubaliwa huko, mlinzi wa getini haamui peke yake.

Alama zetu: flexi 4 kati ya 5, ushauri kwa mteja 2. Fulana wanaziweza, mradi wasikuchapie sablimesheni (wino unaohamishwa kwa joto) kwenye pamba. Inashika poliesta tu, kwa nyuzijoto 190 hadi 200 za Selsiasi na sekunde 45 hadi 60, na kwenye pamba inafifia mfuo wa kwanza.

Ukienda kuchukua mzigo, nenda na futi kamba yako na ulitandaze bango lote sakafuni kabla ya kumalizia malipo. Kosa la tahajia likionekana dukani wanarudia wao.