Mashine ya presha ya nyumbani: kwa sisi wenye lupus inafaa sana, ila angalieni mkanda

Naizungumzia mashine ya presha ya betri, ile ya kufunga mkono wa juu, sio ya kwenye kifundo cha mkono. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, maana tunahangaika na ngozi, viungo na figo halafu moyo tunausahau. Jamani moyo! Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 1997, wanawake wenye lupus wa miaka 35 hadi 44 walionekana kupata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 ukilinganisha na wanawake wa rika lao wasio na lupus. Ugonjwa wenyewe unachakaza mishipa mapema, mafuta yanajazana kwenye kuta zake, figo zikiguswa presha inapanda, na prednisoloni (dawa za stiroidi) tunazomeza nazo zinapandisha presha, sukari na mafuta. Katika hayo yote presha ndo unayoweza kuifuatilia mwenyewe kila siku ukiwa kitandani kwako.

Sasa mashine yenyewe. Kitufe cha kuwashia ni kikubwa, hata asubuhi vidole vikiwa vimekaza unabonyeza tu, na namba zinasomeka bila miwani. Kinachonifurahisha zaidi inatunza vipimo, kwahiyo kliniki daktari anaona wiki nzima asubuhi na jioni, sio kile kipimo kimoja cha pale mapokezi umetoka kupanda ngazi roho iko juu. Mimi aliponiona namba za asubuhi ziko juu karibu kila siku ndo akanibadilishia dawa, anataka niwe chini ya 130/80.

Shida ni mkanda. Unaokuja na mashine umeandikwa sm 22 hadi 32 na wengi wetu stiroidi zimetunenepesha mikono, mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko presha ilivyo, unabaki na hofu ya bure. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kabla hujanunua, ukizidi hapo ulizia mkanda mkubwa, muuzaji wangu wala hakugusia. Halafu unabana kweli, kama ngozi imeshakuwa laini kwa dawa unaacha alama nyekundu, ila zinapotea.

Ukipima kaa kimya dakika 5 kwanza, egemea kiti, miguu yote chini usikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, na usiongee. Rudia baada ya dakika moja.

Na tuelewane, hii haioni kila kitu. Utando unaofunika moyo ukivimba, na kwetu inatokea sana, kifua kinachoma ukilala chali au ukivuta pumzi ndefu, ukiinama mbele unapata nafuu, na mashine inaweza kukuandikia presha safi kabisa. Damu kuganda kwa wale wenye antibodi za antifosfolipidi, yaani protini za kinga zinazofanya damu igande ovyo, haiioni pia. Kifua kikibana, pumzi ikikata au mguu mmoja ukivimba ghafla nenda hospitali muda huohuo, usikae unapima mara ya tatu unatafuta namba ya kukutuliza, nakuomba.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya mkanda. Betri badilisha mapema, zikichoka mkanda unajaa nusu halafu inaandika "error", yaani imeshindwa kupima.