Uzoefu wangu wa kupima joto la bakteria kwa mikrokalorimita, Bukavu

Maabara ninayofanyia kazi hapa Bukavu ilipata mikrokalorimita (mashine inayopima joto dogo sana) ya mkono wa pili ili tuchunguze bakteria wanaogandisha maziwa, hasa wale wa mashanza, yaani maziwa ya mgando, yanayouzwa katika masoko yetu. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara wanaofikiria kununua kifaa cha namna hiyo.

Nimeipenda kwa sababu haitegemei mwanga. Spektrofotometa, kifaa kinachopitisha mwanga kwenye sampuli, hufuatilia ukuaji wa bakteria kwa kupima jinsi kimiminika kinavyozidi kuwa na ukungu, lakini maziwa ni meupe tangu mwanzo, hivyo haina la kutuambia. Mikrokalorimita yenyewe hupokea joto ambalo bakteria hulitoa wanapokula na kugawanyika. Bakteria mmoja hutoa takriban pikowati 2 tu (pikowati ni sehemu ya milioni ya mikrowati), ila wakifika kama 100,000 jumla yao hukaribia mikrowati 0.2, kiasi ambacho mashine nzuri hukitambua. Ampuli (chupa ndogo ya glasi) ya sampuli hukaa sambamba na nyingine isiyo na bakteria, na tofauti ya joto kati yao hugeuzwa kuwa umeme mdogo ambao kompyuta huurekodi usiku kucha pasipo mtu kugusa chochote.

Grafu inayotokea ina mengi ya kusomwa. Nikiotesha bakteria wa utumboni aitwaye E. coli katika ampuli iliyofungwa, mstari hupanda, halafu hushuka ghafla oksijeni inapokwisha ndani ya chupa, na mara nyingi huinuka tena bakteria wanapoendelea kuishi kwa uchachushaji, usiohitaji oksijeni. Nikiongeza antibiotiki, kilele huchelewa au hupungua, na dozi ikitosha mstari hubaki umelala. Kuona dawa ikifanya kazi saa kwa saa, badala ya kusubiri kesho yake nihesabu makoloni kwenye sahani, kumenibadilishia kabisa namna ya kupanga majaribio.

Hata hivyo, mashine hii hudai mikono yenye nidhamu. Tone dogo la maji likibaki nje ya ampuli huvukiza na kufyonza joto, na grafu huonyesha bonde ambalo halihusiani na bakteria hata kidogo. Ndiyo maana kila ampuli hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na kushikwa kwa glavu. Kisha huteremshwa kwa hatua mbili, kwanza ipate jotoridi la mashine, ndipo ishushwe hadi mahali pa kupimia. Kwa hiyo karibu saa nzima ya mwanzo haisomeki, na anayechunguza bakteria wanaokua haraka, kama E. coli ambaye katika nyuzi 37 na chakula kizuri huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, lazima aanze na mbegu chache, yaani bakteria wachache.

Jambo lingine ni kwamba joto halina jina. Sampuli ikiwa na vijidudu vya aina mbili, mashine hutoa jumla yao tu, nasi bado tunahitaji darubini, rangi ya Gram inayotofautisha aina za bakteria, na sahani za kuoteshea. Anayeuziwa kifaa hiki kwa maneno kwamba kitachukua nafasi ya hivyo vyote asikubali.

Kwa sisi wa Bukavu, suala zito zaidi ni kuran, yaani umeme. Mashine nzuri hushikilia jotoridi lake lisiyumbe hata kwa sehemu ya elfu kumi ya digrii, na umeme ukikatika kwa muda mfupi tu jaribio la usiku mzima huharibika, kwa kuwa kurudi kwenye utulivu huo huchukua muda mrefu. Jenereta pekee haitoshi, maana kati ya kukatika na kuwaka kwake kuna pengo. Betri zinazopokea mzigo papo hapo ziwekwe kwenye bajeti ileile ya mashine. Katika bajeti hiyo zihesabiwe pia ampuli na vifuniko, ambavyo sisi huagiza kutoka nje. Glasi tunaiosha, tunaitia kwenye otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) na kuitumia tena, lakini vifuniko vya kubana hutumika mara moja tu.