Heta ya wati 2000 ya mtambo wa kukenekea: chuma safi, waya ndo balaa

Nimeitumia miezi minne sasa, karibu kila wikiendi, kwenye kamtambo kangu kadogo ka kukeneka (kuchemsha kwenye sufuria, kisha kupooza mvuke uwe maji tena) maji ya betri na mafuta ya mchaichai, kwa hiyo naongelea nilichokiona siyo kilichoandikwa kwenye boksi. Seti inakuja na heta ya stenlesi ya wati 2000 volti 230, gasketi mbili za silikoni, nati kubwa, kifuniko cha plastiki cha kufunika miguu ya heta, kiboksi cha kupunguzia moto (dima), na kebo yenye plagi yake. Unaambiwa funga, chomeka, anza kazi. Sasa hapo kwenye "chomeka" ndo pana maneno.

Heta yenyewe kiukweli sina neno nayo. Kabla sijaifunga niliipima na multimita nikapata omu 26.6, na ukipiga hesabu 230 mara 230 gawa kwa 2000 unapata 26.45, kwa hiyo wati walizoandika ni za kweli, hawajapaka rangi namba. Nikapima kutoka mguu wa heta kwenda kwenye chuma cha nje, kimya, hakuna kitu. Ila multimita inapima kwa volti kidogo sana, haikuambii heta itafanyaje ikipigwa moto wenyewe, ndo nikampa fundi aipime kwa mega ya volti 500 (kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja kwenda kwenye chuma) akasema iko poa. Maji lita 10 yanachemka kwa kama nusu saa hivi, alafu nikipunguza moto mpaka nusu napata lita moja na kidogo kwa saa, yanatona taratibu, mafuta hayanuki kuungua. Hapo nyota tano.

Nikageukia kebo. Ukiigeuza kwenye mwanga unasoma imeandikwa 3 x 0.75, yaani nyaya tatu zenye unene wa milimita za mraba 0.75, jamani, hiyo ni kebo ya taa ya mezani! Wati 2000 kwa volti 230 ni ampea 8.7, na kebo ya 0.75 inabeba kama 6 tu. Nilijaribu makusudi huku nimekaa pembeni, dakika ishirini baadae nikaishika, ya moto kama kikombe cha chai, na mguu mmoja wa plagi umeanza kubadilika rangi. Nikazima. Nimeweka ya mpira ya 1.5, na kile kipande kinachoingia kwenye kifuniko pale mgongoni mwa heta nimeweka waya za silikoni, maana plastiki ya kawaida ya waya ni ya nyuzi 70 hivi na pale sufuria iko 100 muda wote.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni ethi, yaani waya wa usalama wa kupeleka umeme uliovuja chini ardhini. Waya wa kijani na njano upo, umefika mpaka kwenye kiboksi cha dima, umebanwa vizuri tu na skrubu... juu ya rangi. Yaani rangi ile ya kupuliza, nene, haijakwanguliwa hata kidogo. Nikapima kutoka mguu wa ethi wa plagi mpaka kwenye bodi ya kiboksi, hakuna mawasiliano kabisa. Na kwenye sufuria ndo haijafika kabisa, hakuna hata sehemu ya kuifungia. Sasa fikiria, sufuria imekaa kwenye miguu ya mpira, heta ikipata ufa umeme unaingia kwenye maji na kwenye bati lote na hauna pa kwenda, unakaa tu unasubiri mtu. Na msiniambie "mimi nina RCD", ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja. Mi pia ninayo, ya miliampea 30, na kila nikianza kazi nabonyeza kale kakitufe ka kuijaribu, lakini bila ethi RCD haioni kitu mpaka wewe uguse, yaani njia ya umeme kwenda chini ndo wewe mwenyewe. Kukiwa na ethi inakata kabla hujasogea. Nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikaweka washa yenye meno, nikatoboa ukingo wa juu wa sufuria nikafunga boliti na lagi (kile kichwa cha chuma chenye tundu) ya kubana, siyo waya wa kuzungushia tu. Ikasoma omu 0.2, nikalala.

Dima ni ya kawaida. Kile kidude cha ndani kinachopunguza umeme kimeandikwa BTA, mgongo wake umetenganishwa na umeme, kwa hiyo bati la kupoozea siyo laivu, halina umeme. Ukikuta BTB kuwa makini, hiyo bati lake lina umeme. Ila jueni kuizungusha mpaka sifuri siyo kuzima, inakata waya mmoja tu na bado inavujisha kidogo, nilipima nikakuta volti zipo. Nimeongeza swichi ya ampea 20 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, na hata hivyo nikitaka kufungua kifuniko nachomoa plagi kwanza.

Kitu kingine, haina kinga ya kukaukiwa maji. Mara moja nimejisahau, majani yakagusa heta iliyo wazi, batchi nzima ikanuka moshi. Siku hizi naacha maji sentimita 5 juu ya heta na sitoki nikaenda kulala.

Na picha ya kwenye boksi inaonyesha watu wanakeneka pombe kali, kiboksi cha dima kimewekwa kabisa chini ya bomba linapotokea. Mvuke wa pombe unashika moto kwa cheche moja tu, sijui nani aliipitisha picha ile. Tena nchi nyingi hiyo kazi inataka kibali. Mi ni maji na mafuta, basi.

Nyota zangu: heta tano, dima tatu, kebo na ethi ningetoa sifuri kama ingekubali. Ukipata heta peke yake ichukue, waya tafuta mwenyewe na fundi aziangalie kabla hujawasha.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu kebo, akaniuliza mbona wateja wengine hawalalamiki, nikamtumia picha ya plagi iliyobadilika rangi, akaniomba radhi akasema atanitumia nyingine. Imefika wiki iliyopita. Nimeigeuza kwenye mwanga, 3 x 0.75.