Kiti cha umeme kilichokataa kurudi nyuma: huduma niliyopata Nakuru

Nina urefu wa futi sita na inchi mbili, na gari langu ni la spoti, milango miwili, lililotumika Japani kabla ya kunifikia. Kiti cha dereva ni cha umeme. Kikirudi nyuma hadi mwisho, ndipo magoti yangu yanapopata nafasi chini ya usukani.

Mwezi wa nne betri ilikufa. Nilipoweka mpya, kiti kikawa kinarudi nyuma kisha kinasimama ghafla, vidole vinne kabla ya pale kilipozoea kufika. Kila nikitoa mguu kwenye mafuta kwenda kwenye breki, goti linagonga usukani. Kwa gari lenye nguvu hivi, hiyo ni hatari, si usumbufu tu.

Gereji ya kwanza waliniambia mota imeungua, ninunue kiti kizima. Sikukubali. Mota inayokipeleka mbele ndiyo hiyo hiyo inayokirudisha nyuma, na mbele kilikuwa kinateleza bila shida yoyote.

Rafiki akanielekeza kwa dada mmoja, fundi wa umeme wa magari, mtaa wa Shabab. Kabla hajagusa chochote aliniuliza, “Mzee, siku ile ya betri, nyuma ya kiti kulikuwa na nini?” Nikakumbuka: mwavuli na mtungi wa maji wa lita tano. Mvua zilikuwa zimeanza, na gari la aina hii halina nafasi kubwa ya kuweka vitu.

Alinieleza vizuri sana. Mota ikizunguka, kitambuzi kidogo kinahesabu mizunguko, na kompyuta ya kiti inajua kwa hesabu hiyo kiti kiko wapi kwenye reli. Umeme ukikatwa, hesabu inaweza kupotea. Baadaye kiti kikigonga kitu na mota ikashindwa kuzunguka, kompyuta inachukulia kwamba hapo ndipo reli inapoishia. Mtungi wangu ndio uliokuwa umekuwa mwisho wa reli.

Alimulika tochi chini ya kiti, akatoa sarafu mbili na kalamu, akapangusa reli na kupaka grisi mpya. Akaunganisha chaja ili betri isishuke, akafuta kipimo cha zamani kwa mashine ya kusoma gari, kisha akaniita nikae. “Peleka mbele mpaka kisimame. Usiachilie swichi.” Nikashikilia. “Sasa nyuma, vivyo hivyo.” Kiti kilipita pale kilipokuwa kikigomea, polepole, na nikahisi miguu inanyooka. Magari mengine hayahitaji mashine, swichi peke yake inatosha. Utaratibu hutegemea aina ya gari.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakuishia kwangu. Mke wangu pia huliendesha, naye ni mfupi. Fundi alimkalisha, akapima kwa futi kamba kutoka kifuani hadi katikati ya usukani, akahakikisha umbali huo haupungui sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, wa kumkinga dereva kwenye ajali, hufumuka kwa nguvu nyingi. Halafu akatuonyesha plagi ya manjano chini ya kiti: hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa, na haichomolewi gari likiwa limewashwa. Ukiona fundi anaivuta hivyo hivyo, mzuie.

Nililipa shilingi 3,500, na kazi ilichukua kama saa moja. Grisi ilidondoka kwenye kapeti, na doa halijatoka mpaka leo. Vibonye vya kumbukumbu, vile vinavyohifadhi mkao wa kiti wa kila dereva, pia alisahau kuvipanga, ikabidi nirudi siku ya pili, ingawa hakuniongezea hata shilingi. Bado nitarudi kwake.

Jumamosi nililiendesha hadi Kisumu kupitia Londiani na Kericho, kona zote zile, na goti halikugusa usukani. Ahero nilisimama kununua mchele, nikaupeleka kwenye buti.