TikTok au stetasi ya WhatsApp kwa duka la viungo Darajani, sokoni Unguja?
Stetasi hudumu saa 24, na huonwa na watu mliohifadhiana namba tu. Ni wachache, lakini ndio wanunuzi: weka picha ya hiliki, bei ya gramu 100 na saa ya kufunga.

TikTok huifikisha video hata kwa asiyekufuata, na hapo ndipo kazi ilipo. Rekodi simu ikiwa wima. Sekunde 3 za mwanzo zioneshe gome la mdalasini likibanduliwa. Nembo ikitangulia, mtazamaji hupita. Akaunti ya biashara haipati nyimbo nyingi maarufu, basi tumia mlio wa kinu na mchi, tena ndani, maana upepo wa pwani huharibu sauti. Kosa linaloumiza zaidi: video imesambaa, mteja wa Wete, kule Pemba, kauliza bei, hajajibiwa. Mjibu kwa video nyingine siku hiyohiyo.