Karakana ya Ami, Langoni: Nunua Mti, Tanga Litazame Kwanza

Karakana hii ya nakshi za mbao na michoro haina kibao mlangoni. Ipo mtaa wa Langoni, Lamu, kusini mwa ngome iliyokamilika mwaka 1821, katika uchochoro unaochepuka kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mgeni ataipata kwa urahisi akifuata mlio wa kinyundo na patasi mapema asubuhi, kabla punda wa mizigo hawajaanza kupishana na watu. Nimefika huko mara tatu katika miaka miwili, nikitokea Malindi ninakoishi, na mara mbili nimerudi na mzigo.

Mwenyewe, ambaye wateja tulio wadogo kwake tunamwita Ami, ni mwana wa fundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa kinachosifika kwa kuunda majahazi. Utotoni alivuta kamba ya keekee huku baba yake akitoboa mbao, akasokota na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao. Baadaye alipelekwa mjini kwa fundi wa milango, akakaa miaka sita, minne kati ya hiyo bila ya kuruhusiwa kuugusa mfaa, yaani ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana na ambao hubeba nakshi nzito. Anayasimulia hayo bila kinyongo. Mji wa kale ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, alikuwa tayari na karakana yake, na anasema kuwa ukarabati wa milango ndio uliowasomesha wanawe. Kuchora kwa rangi alikuanza akiwa mtu mzima, siku alipoletewa tanga lililochakaa badala ya fedha za deni.

Kinachoifanya karakana hii istahili safari ni mataruma. Majahazi yanapovunjwa, Ami hununua zile mbavu za ndani zilizopinda, akazichonga kulingana na mpindo wake. Nililonunua mimi, kwa shilingi 18,000 baada ya mapatano ya vikombe vitatu vya kahawa chungu, lina urefu wa mkono wa mtu mzima. Upande wa nje umechongwa mnyororo pembezoni na mawaridi katikati, nakshi zilezile za milango, lakini zinapungua ukubwa kadiri mti unavyokwenda ukichongoka, hata waridi la mwisho halizidi kifungo cha kanzu. Upande wa ndani hakuugusa kabisa. Alama za tezo ya fundi wa kwanza, aliyelichonga taruma hilo kwa ajili ya bahari, zimebaki kama zilivyokuwa. Palipokuwa na tundu la msumari, kutu ilikwisha kuula mti na kuacha duara jeusi, naye badala ya kuliziba amelizungushia petali, likawa moyo wa waridi. Ukipitisha kidole kwenye ukingo ambapo nyuso hizo mbili zinakutana, unahisi mikono ya mafundi wawili ambao huenda hawakupata kuonana. Sanamu za watu hachongi, na katika mji huu sikuona haja ya kumuuliza sababu.

Michoro yake siwezi kuisifu kwa kiasi hicho. Huchora juu ya vipande vya matanga kwa rangi za mafuta zinazosalia kwa wapaka vyombo, na vingi ni jahazi moja mbele ya jua moja linalotua, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watalii na kuuzwa kwa shilingi 9,500 bila ya aibu. Hata hivyo, kimoja kilichotundikwa juu ya meza yake kinaonyesha ukuta wa mawe ya matumbawe wakati wa adhuhuri, chokaa imebambuka, na mshono wa tanga lenyewe ndio uliogeuzwa kuwa ufa wa ukuta. Nilipotaka kukinunua alicheka. “Hicho si cha kuuza, mwanangu. Ndoo nikuonyeshe vingine.” Hivyo vingine vilikuwa machweo.

Anayeagiza kitu awe na subira. Niliahidiwa wiki tatu, zikawa saba, kwa kuwa sikujua kwamba nyakati za Maulidi, wageni wanapofurika kuelekea Msikiti wa Riyadha, karakana hufungwa na fundi hashikiki. Malipo hupokewa taslimu au kwa simu, na risiti ni karatasi ya daftari. Jambo lililoniudhi hasa ni ufungaji: taruma lilifungwa kwa magazeti kabla vanishi haijakauka, likavuka maji hadi Mokowe na kupanda basi la kupitia Witu na Garsen, na nilipolifungua nyumbani karatasi ilikuwa imeganda juu ya mawaridi. Nilimpigia simu, aliniomba radhi, akanielekeza nilisugue kwa msasa laini na mafuta kidogo, akanirudishia shilingi 2,000 jioni hiyohiyo bila ya kudaiwa.

Kwa anayekwenda, ushauri wangu ni kuomba mbao ambazo matundu yake hayajazibwa, kwani zilizozibwa na kung’arishwa ni za hoteli, na kusimamia mwenyewe wakati wa kufunga. La kwangu limetundikwa sebuleni. Magazeti yaliacha wino wake karibu na waridi la tatu, na mpaka leo nikisogea naweza kusoma nusu ya neno “mnada”.