Kadi ya CF Badala ya Hadi Diski Kwenye Kompyuta ya Zamani

Habari zenu watazamaji wa hapa Mbeya, Iringa, Njombe na popote mlipo. Mezani leo nina kompyuta ya Pentium ya miaka ya 90, na hiki kidude ni adapta ya kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash (CF) kwenda IDE ya pini 40, yaani kiunganishi cha zamani cha diski. Hadi diski (hard disk) za IDE zinazidi kufa, na zilizobaki mitumbani nazo zimechoka. Je, kadi inaweza kushika nafasi yake? Inaweza, na vizuri sana.

Itazameni kwa karibu. Karibu yote ni njia za shaba tu, maana kazi iko ndani ya kadi. CompactFlash, iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, inajua amri zilezile za diski ya IDE. Kadi ya SD haizijui, kwa hiyo adapta yake lazima iwe na chipu ya kukalimani katikati. Zipo zinazofanya kazi, ila mimi kwa mashine kama hii nachagua CF bila kusita.

Sasa ukubwa, na hapa naomba msikilize. Usibebe GB 64 kwa sababu tu bei ni nzuri. BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) nyingi za enzi za prosesa za 486 zinagota kwenye MB 504, na nyingi za baadaye kidogo kwenye GB 8.4. MS-DOS 6.22 inatumia FAT16, mfumo wa kupanga faili ambao patisheni moja (sehemu iliyogawanywa ya diski) haivuki GB 2. Windows 98 inaelewa FAT32, mrithi wake, na GB 4 zinaitosha kabisa, michezo yako ya zamani ikiwemo.

Windows XP ndiyo yenye ukorofi. Kadi nyingi za kamera hujitambulisha kama diski ya kuchomoa, na XP kwenye diski ya aina hiyo inatambua patisheni ya kwanza tu. Ukitaka XP, tafuta kadi ya viwandani inayojitambulisha kama diski ya kudumu.

Kufunga ni rahisi: jampa (kipini kidogo cha kuchagulia) weka masta, yaani diski ya kwanza, chomeka waya wa umeme wa floppy, ingia FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, tengeneza patisheni, iweke iwe hai (active), kisha FORMAT C: /S ya kuifomati na kuiwekea faili za kuwashia DOS. Kadi ikiwa imetoka kwenye kamera na mashine inakataa kuwaka kutoka humo, jaribu FDISK /MBR, inayoandika upya msimbo wa kuwashia ulio mwanzoni mwa kadi.

Msikilize ilivyo kimya! Na kwa sisi tunaosafirisha mashine kwenye basi kutoka Makete au Tukuyu, hakuna sahani inayozunguka ya kuumizwa na mitikisiko. Ila umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili linaharibika vilevile. UPS (betri ya akiba) bado inahitajika.

Udhaifu wake ni kuchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Windows 98 haikutengenezwa kwa kuijali kadi, kwa hiyo ongeza RAM ili isiandike hovyo kwenye faili la kumbukumbu pepe, na difragi, ile kazi ya kupanga upya vipande vya faili, usiiguse kabisa, haina faida hapa.

Halafu kuna raha moja ambayo hadi diski haikupi kirahisi hivi. Ukishaweka madereva yote na sauti inatoka, zima mashine, chomoa kadi, ichomeke kwenye laptop kwa kisomaji, unakili kadi nzima kuwa faili moja. Windows ikivurugika, unairudisha kama ilivyokuwa bila kuanza upya na CD. Fanya hivyo kabla hujaweka mchezo wa kwanza.